Fremu Tupu Juu ya Televisheni

Nimekosa, ndugu zangu. Nusu ya kosa ni uzembe, nusu ni uoga. Huo uzembe mngenisamehe. Uoga ndio umenishinda, umenifungia ndani ya nyumba yetu wenyewe, na leo nautapika hapa.

Mimi ni kijana wa Bwiza, hapa Bujumbura. Nina ugonjwa mmoja: kamera za zamani, zile za mkanda. Wenzangu wanapiga kwa simu na kuona hapo hapo. Mimi natafuta mikanda inayokuja ndani ya masanduku ya watu kutoka Ulaya, naisafisha mwenyewe bafuni gizani, na nikipata picha mbili tatu nzuri nafurahi kama mjinga. Watu wananicheka, na mimi nilikuwa naona fahari!

Kamera ninayoipenda kuliko zote nimerithi. Ilikuwa ya babu, mpiga picha wa Buyenzi enzi zile watu wakiazima suti ili wakapigwe picha. Alipofariki, mkewe aliifunga kwenye kitenge akaihifadhi miaka mingi. Huyo ndiye bibi yetu mzaa mama, tunamwita Nyogokuru. Siku aliyonikabidhi aliniambia maneno ambayo bado yananichoma.

"Sogokuru wako alipiga Buyenzi yote," alisema. "Mi alinipa taa tu nishike. Picha yangu mwenyewe, ya peke yangu, sina hata moja, ila ile ya kitambulisho. Weye utanipiga, na hii yake. Ya simu mi sitaki."

Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba nitampiga.

Ikaja dot ya mdogo wangu wa kike, sherehe ya kutolewa mahari. Nyogokuru akaletwa amevaa imvutano mpya, kitambaa kimefungwa begani vizuri, akaketishwa mbele. Basi nikavimba kichwa! Nikasimama mbele ya wakwe nikatangaza kwamba leo hakuna simu, simu zinaharibu sherehe, picha zote nitapiga mimi kwa kamera ya babu. Wengine walinuna, lakini kila mtu akaificha simu yake mfukoni.

Sasa sikieni nilichofanya. Mkanda una ulimi. Unauchomeka kwenye kigurudumu ndani ya kamera, unazungusha kidogo mgongo wa kamera ukiwa wazi, unahakikisha umeshika, ndipo unafunga. Huko kuzungusha kunakula picha moja au mbili. Mimi kwa uchoyo wa hizo picha nilichomeka ncha tu, nikafunga haraka. Wote tunaopenda kamera hizi tunaujua uchoyo huo, maana mkanda ni wa shida kuupata.

Ulimi ukachomoka. Mkanda haukusogea hata kidogo! Lakini namba juu ya kamera zilisogea, na kitufe kililia vizuri, kwa hiyo mimi nikapiga tu. Nilimpiga Nyogokuru peke yake, mkoba magotini, amejizuia asicheke mpaka akashindwa akacheka. Namba zilifika mwisho wa mkanda na kamera bado inakubali. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilisema moyoni, babu ananiongezea!

Nilijua jioni ile ile, nilipozungusha kile kipini cha kurudishia mkanda nikakikuta chepesi, hakivuti kitu. Nikausafisha hivyo hivyo. Wote ulikuwa mtupu, unaona upande wa pili, isipokuwa kipande kimoja mwanzoni, cheusi tititi. Picha zote za siku ile ziliangukia pale pale, moja juu ya nyingine: Nyogokuru, bwana harusi, mashangazi, mpaka kreti za bia. Nilikiweka kwenye mwanga wa taa nikautafuta uso wake, sikuona chochote.

Hapo ndipo ningesema. Nyogokuru alikuwa mzima, anakaa Jabe, naenda kwa miguu! Nilikuwa na mkanda mwingine kwenye friji, mama anausukuma kila siku ili nyanya zipate nafasi. Ningeenda nimwambie, nisamehe, vaa tena, keti tena. Lakini nitaanzia wapi, baada ya kuwafichisha watu simu zao mbele ya wakwe? Nilishikwa na haya. Nikasema mkanda wa sherehe si wa kusafishia bafuni, umepelekwa Nairobi.

Uongo huo ukafunga mlango. Nikimpiga tena, ataniuliza ile ya kwanza iko wapi. Kwa hiyo sikumpiga. Nikaacha hata kumtembelea, na nikiwa na safari ya Jabe nazunguka njia ya mbali. Siku moja akanikamata pale sokoni, ananunua ndagala.

"Na picha yangu?"

"Iko njiani, Nyogokuru."

"Basi apana shida, Nairobi ni mbali. Kweli nilicheka muzuri?"

"Ulicheka vizuri sana."

Akanipapasa shavu kwa mkono unaonuka samaki, akaenda zake ameridhika. Sikumwona tena akiwa amesimama. Mvua zilipoanza alishikwa na homa ya mapafu, na haikumwachia.

Tulimzika na picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso ukafutika. Mama akasema si kitu, ile nzuri itafika kabla ya kuganduka, siku tunayomaliza matanga. Akanunua fremu kubwa yenye rangi ya dhahabu, akaitundika tupu juu ya televisheni. Kila mgeni anaonyeshwa: "Pale ni pa mama yangu. Mutoto wangu ndiye alimupiga. Picha iko Nairobi." Na wageni wananigeukia wananipongeza!

Nakula chini ya fremu ile. Nikiangalia mpira, iko pale. Nilishawaza kuvuka mpaka wa Kongo niende Uvira nikajifiche, lakini nitarudi lini? Kuganduka ni wiki ijayo, wajomba wameshaitwa. Kila nikifungua mdomo niseme, mama anainua macho kutazama ukuta, na mimi naomba chumvi.

Mnajua kwa nini naandika hapa? Mama anayapenda sana maungamo ya ukurasa wenu huu. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa jirani yetu Mama Divine, Mkongomani mwenye sauti ya kuita wateja, anakuja na simu yake kumsomea. Na mama hakosi kukata hukumu. "Huyu naye muoga! Si angesema tu? Mama yake angemukula?" Mimi huwa nimekaa pale pale, natikisa kichwa kukubaliana naye.

Ninyi wenye kamera za kurithi, nawaomba, acheni uchoyo. Poteza hizo picha mbili za mwanzo, tazama kile kipini kizunguke kila unapovuta mkanda, ndipo uwaite watu. Msimkataze mtu simu yake kwa sababu ya majivuno. Na ukiharibu picha ya mtu, mfuate angali anapumua, mwambie, umwombe akae tena! Haya ya dakika moja ndiyo imemnyima bibi yangu kitu pekee alichoniomba.

Mama Divine, najua ukifika hapa utataka kuzima simu. Usisimame, msomee mpaka mwisho.

Mama, ni mimi. Sikwenda Uvira. Nimekaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, na kile kipande cheusi kiko mfukoni mwangu. Nyogokuru yuko humo anacheka, chini ya watu wote. Nyoosha mkono nikupe.