Shina la Mgomba Kitandani kwa Baba Mdogo

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliuogopa mgomba. Mtu mwenye shahada ya siasa haogopi mgomba. Niliuogopa.

Ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Baba mdogo alikuwa akivusha samaki kwa mtumbwi kutoka Kibara hadi ng'ambo ya mpaka na kurudi na sabuni. Askari walimchukua kwa Land Rover, wakisema alivusha pia watu wasioitakia nchi mema. Miezi ikapita kimya. Mimi nilikuwa Butiama, nikifundisha kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba taifa likiwa hatarini mtu anaweza kuwekwa ndani bila kesi. Yote mawili niliyaandika kwenye ubao mmoja, na hakuna mwanafunzi aliyenyoosha mkono.

Nilipofika Kibara likizo, walikuwa wameshakata shina. Kwetu, aliyekufa mwili wake usipatikane huzikwa kwa shina la mgomba. Hili lilikuwa limelazwa kitandani kwake, limevalishwa shati lake. Lakini mtu akizikwa hivyo kumbe yu hai, haruhusiwi tena kuingia nyumbani kwake.

Asubuhi shangazi aliniita chumbani. Kwenye kola lilikuwa limechomoza jani jipya, jeupe, limejikunja, refu kama ulimi. Kifuani shati lilikuwa limelowa.

"Anapumua huyo," alisema. "Hatuziki."

"Wifi, mgomba ukikatwa unafanyaga hivyo," mama mdogo akajibu kutoka mlangoni. "Wanangu hawalali. Na kitanda ni changu, siyo chako."

Shangazi akanigeukia. "Wewe msomi, si unawajuaga wakubwa? Kaulize."

Nilimjua mmoja. Chuoni tulibishana kama dola inaweza kutenda uovu ili ibaki salama. Mimi nilisema inaweza. Yeye alisema haiwezi, ukumbi mzima ukampigia makofi. Sasa alikuwa na ofisi Musoma.

Nilimpigia kutoka posta ya Bunda. Nilimweleza yote, hata habari za jani, nikitarajia acheke ili na mimi nicheke. Hakucheka.

"Kaka, yu hai?"

"Swali hilo siruhusiwi kulijibu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwa nini."

Nikasikia kiti kikisukumwa, kisha mlango ukifungwa. Aliporudi sauti ilikuwa ya chini, karibu sana na sikio langu.

"Dada, msisubiri. Zikeni."