Furaha ya Foronya Mbili

Tarehe kumi na moja Februari, siku ya Jumatano, kabla ya saa sita mchana, nilimpoteza mama yangu. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anachambua kudra, ile mboga ya kuteleza aliyoipenda. Akasema kichwa kizito, akaomba maji. Nilipofika na kikombe alikuwa ameegemea ukuta, na majani bado yamo mkononi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika, kule kambini Kenya, nikafika darasa la saba. Mama hakuandika lugha yoyote. Alisema lugha ya kwao, na Kiarabu cha Juba, na Kiswahili cha foleni ya maji. Tuliporudi nyumbani tulijenga Gurei, mtaa wa Juba, nyumba mbili zinazotazamana katika ua mmoja: moja yangu na mama, nyingine ya mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja.

Kabla sijaendelea lazima niseme kwamba mimi ni mgonjwa. Ugonjwa ulianza miaka mitatu kabla ya msiba. Siku kamili siijui. Najua tu kwamba asubuhi moja nilikuwa nasukutua kinywa, nikakaa na maji mdomoni muda mrefu kwa sababu sikuona sababu ya kuyatema. Kliniki ya kwanza nilisema moyo unaniuma, wakanipima presha. Ya pili nilisema kichwa, wakatafuta malaria wakaipata, maana Juba malaria ukiitafuta huikosi. Nilimeza dawa za malaria, nikatundikiwa maji, nikarudi nyumbani nikalala vilevile. Mwishowe daktari mmoja mpole, mwenye kikohozi, hakuniuliza ninaumwa wapi. Aliuliza, “Mara ya mwisho kusikia utamu wa chakula ni lini?” Nikahesabu nyuma hadi nikapoteza hesabu. Akaniambia ugonjwa huu upo, una dawa, na sikurogwa.

Dawa aliitunza mama, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu, nikasikia ndara zake zinasimama, halafu anauliza, “Ita fi?” Kwa Kiarabu cha Juba ni salamu ya kila mtu: uko? Nawe hujibu, ana fi, niko. Watu huulizana hivyo huku wanapita. Mama hakupita. Siku moja nilimjibu, “Ana kweis,” mimi mzima.

“Sikukuuliza hilo,” akasema nje ya mlango, akangoja.

“Ana fi.”

“Haya. Toka umeze dawa.”

Jumapili moja mchungaji alisoma habari za kile kichaka kilichowaka bila kuteketea, na jinsi Mungu alivyoulizwa jina lake akajibu kwamba Yeye yuko. Mama akaniinamia, akasema kwa sauti iliyofika mabenchi matatu, “Umesikia? Hata Yeye anajibu ana fi.” Watu wakageuka. Mama akatazama mbele kama aliyesema ni mtu mwingine.

Mama ndiye alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha akina mama kanisani. Hakuimba, alisema sauti yake inafaa kufukuzia kuku tu. Kikundi hicho hukutana Jumamosi, tunakaa duara, na kabla ya neno lolote kila mmoja husema, “Nina furaha ndani ya Bwana.” Ni desturi yetu tangu kikundi kianze. Ukishasema hivyo ndipo unataja ombi lako. Nami nilisema kila Jumamosi, kwa sauti safi, na ulikuwa uongo. Nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia hata mama. Niliona kwamba nikikiri sina furaha, watauliza basi Yesu uliyempokea ni yupi, na mimi sitakuwa na jibu. Nilimpenda Yesu. Sikutaka kugundua kwamba hakuwahi kuja kwangu.

Tulimzika mama siku ya pili yake huko Rejaf, kwenye ardhi ya baba yake, karibu na mto. Tuliporudi Gurei turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na bika likaanza, yaani matanga yetu. Wanawake walikuja wamejifunga vitenge, wanalia kuanzia barabarani. Kila aliyeingia alinijia mimi kwanza, akanikumbatia, akalia shingoni kwangu, halafu akaniachia kidogo ili na mimi nilie. Mimi sikulia. Nilitaka kulia. Nilikaa kwenye mkeka, macho makavu kama chumvi, nawashika mikono, nasema asante kwa kuja.

Siku ya pili nilikuwa nyuma ya jiko nikasikia wanaongea huku wanaosha masufuria.

“Huyu binti analia lini?”

“Halii. Zile dawa za kichwa zimemkausha.”

“Kuku akichukuliwa na mwewe, hata vifaranga wanapiga kelele.”

Kisha sauti ya mama mdogo, ambayo nilidhani itanitetea. “Mwacheni. Dada yangu alizaa jiwe.”

Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani wakichoka. Sina kinyongo nao. Lakini siku ya tatu, watu walipokuwa kwenye sala, nilichukua kopo la maziwa, nikaenda chooni, nikamwaga dawa zote. Wengine huacha dawa kwa kuambiwa wameponywa. Mimi sikuambiwa na mtu. Niliziacha ili nimlilie mama yangu.

Machozi yalikuja, baada ya wiki mbili hivi. Nililia kwa sababu sabuni imeteleza. Nililia kwa sababu mbuzi wa jirani amenitazama. Ndani ya machozi yale mama hakuwemo. Nilimtafuta, nilijilazimisha kukumbuka mikono yake na ile kudra, nikapata maji tu ya machoni. Halafu hata hayo yakakatika, nikalala chini. Nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja Hai Amarat, kufua na kupiga pasi mashuka. Sikwenda. Sikupiga simu. Mama mdogo aliweka chakula mlangoni, akakiondoa jioni kama alivyokiweka. Asubuhi hakuna ndara zilizosimama.

Siku ya arobaini iliangukia Jumapili. Kanisa lilikodi gari, wakaenda Rejaf kusimamisha msalaba na kumlilia mama mara ya mwisho, kama ilivyo desturi. Waliniita. Mama mdogo aligonga mlango mara nyingi, akasema, “Watu wako kwenye gari, amka.” Niliwasikia wote. Nilisikia gari likiwaka, nikasikia likiondoka. Nilitupa dawa ili nimlilie mama, na siku ya kumlilia nilikuwa nimelala Gurei natazama bati. Hili sijalisamehe. Mungu amelisamehe, naamini, lakini mimi bado.

Jumanne yake alikuja mwenzangu wa kazi. Ni mama wa Uganda, mnene, mcheshi, tunayekunja naye mashuka, yeye upande huu na mimi upande ule. Kiswahili chake mwalimu wangu wa kambini angekipiga fimbo. Alisimama mlangoni, na mimi nikasikia:

“Wewe. Wewe iko?”

Niligeukia ukuta.

“Mimi nauliza. Wewe iko, ama wewe nakufa? Kama nakufa sema, mimi narudi kazini.”

“Niko,” nikasema.

“Ah. Iko.” Akaingia, akakaa mkekani bila kukaribishwa. “Sikia. Waliweka mtu mpya mahali yako. Ile mtu nakunja shuka kama nafunga mbuzi. Meneja naangalia shuka, naangalia mimi, nasema huyu nani nafundisha yeye? Mimi nasema, mwalimu nalala Gurei.”

Sikucheka, lakini nilijua kwamba ni mzaha, na kwa siku nyingi sikuwa nimejua hata hilo. Akaniosha uso kwa kitambaa. Akaona kopo tupu, akalinusa ndani, akanitazama.

“Dawa iko wapi?”

“Nilimwaga.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka kulia.”

Nilingoja aniambie mpumbavu. Alinivisha kitenge juu ya gauni, tukapanda bodaboda moja, mimi katikati, tukaenda kwa yule daktari mwenye kikohozi. Nilimweleza vilevile. Aliacha kuandika. “Malesh,” akasema, ile pole yetu ya Juba, na akaisema kama anayeimaanisha. Akaniambia mara nyingi ni ugonjwa wenyewe unaozuia machozi, na dawa nayo wakati mwingine hupunguza, na kwamba ningekuja kumwambia angebadilisha. Hakuna aliyeniambia kwamba jambo kama hilo linaulizwa. Tukaanza upya, kidonge kidogo kuliko cha kwanza.

Kupona kwangu hakukuwa na siku. Mvua zilianza, barabara ya Gurei ikawa tope, nikarudi kazini. Meneja alinipokea, na nadhani mwenzangu alikuwa amemchosha. Nilikula. Nilioga. Niliomba maneno machache, mengi yakiwa yaleyale. Kikundini sikurudi, niliogopa lile duara.

Ikafika asubuhi moja mwezi wa sita. Jenereta ilikuwa nzuri, pasi ilikuwa na moto, nami nilikuwa na rundo la foronya. Mwenzangu akasema, “Wewe, leo iko na ngoma mezani?”

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa unapiga meza. Ulikuwa unapiga ngoma ya mama, ile aliyokuwa anaianza kwa kuchelewa kidogo hadi waimbaji wanageuka kumtazama, halafu anaingia. Sikuwa nimeutuma. Sijawahi kufundishwa ile ngoma. Nikaendelea kupiga pasi kwa mkono mmoja na kupiga meza kwa mwingine, na machozi yakaanza kudondoka kwenye foronya, yakifuka chini ya pasi. Safari hii mama alikuwemo. Na pamoja na yeye kulikuwa na kitu kingine, kipana, ambacho sikukifanyia kazi yoyote. Nilijua kwamba sijaachwa. Sitasema nilisikia sauti, sikusikia. Nilijua tu, kama unavyojua kuna mtu chumbani kabla hujageuka. Niliogopa kugeuka. Kilikaa kwa muda wa kupiga pasi foronya mbili. Najua ni mbili kwa sababu ya tatu niliipiga nikiwa mimi tu, na mama amekufa, na mgongo unauma.

“Wewe nalia?” mwenzangu akauliza.

“Nalia.”

“Sawa. Lakini usichome ile foronya.”

Jumamosi hiyo nilikwenda kikundini. Duara lilikuwa kubwa, mama mdogo amekaa mkabala nami. Ngoma ya mama ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kanga, hakuna aliyeichukua bado. Zamu ikaja inazunguka, nina furaha ndani ya Bwana, nina furaha ndani ya Bwana, hadi ikanifikia.

“Ana fi,” nikasema.

Kiongozi wetu akangoja. Ni mwanamke mwema. “Na furaha, dada?”

“Juzi nilikuwa nayo. Ilikaa foronya mbili.” Nikaona hawaelewi, nikaeleza: nilikuwa napiga pasi. Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. “Leo sina. Huko nyuma nilipokuwa nasema ninayo, mara nyingi sikuwa nayo. Ninameza dawa, na siku ya msalaba wa mama sikuja kwa sababu nilikuwa nimeziacha. Niko. Hilo tu naweza kusema bila kudanganya mbele ya Bwana.”

Ile hofu yangu ya zamani nilikuwa nimeileta pale mbele yao, na nikangoja waulize lile swali la Yesu niliyempokea. Hawakuuliza. Kiongozi akasema, “Ombi lako?”

“Nipelekwe Rejaf,” nikasema. “Sijauona msalaba.”

Akatikisa kichwa kukubali. Aliyenifuata akasema nina furaha ndani ya Bwana, akaomba kwa ajili ya goti lake.

Mama mdogo hakunitazama hadi tunatoka. Tulitembea pamoja hadi nyumbani, tukikwepa matope. Langoni akasema, “Msalaba ni wa chuma. Nilikataa wa mbao, mchwa.” Akaingia kwake.

Leo asubuhi nilikuwa macho mapema, sijainuka. Nilisikia ndara uani. Mama mdogo huja kuchukua jerikeni lake karibu na mlango wangu kila asubuhi, huchukua na kuondoka. Leo zile ndara zilisimama. Zilisimama pale pale zilipokuwa zinasimama za mama. Nikangoja. Hakuuliza kitu.

“Ana fi,” nikasema kutoka ndani.

“Nimesikia,” akasema, akabeba jerikeni, akaenda kuteka maji.