Mstari Aliousahau Mzee

Mashine ya kukereza inayoendeshwa na kompyuta ilipoletwa karakanani kwetu Singida Mjini, mzee aliyenifundisha kukereza chuma aliizunguka mara mbili, akasema haimtaki mtu. Yeye alikuwa akikereza shafti za mashine za kukamulia alizeti tangu sijazaliwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kuiandikia programu, hivyo ikabidi mwalimu wangu awe mwanafunzi wangu. Jambo hilo halikumpendeza yeyote, nikiwemo mimi.

Tulipata njia. Akikwama alisema, "Binti, hebu nisomee hapa, miwani nimeiacha nyumbani." Miwani ilikuwa mfukoni mwake, naiona. Nilisoma kwa sauti, nikifika penye kosa nasoma polepole, naye anarekebisha kana kwamba ameligundua mwenyewe. Nilijiona mwerevu kweli. Mjinga mimi.

Kitu kimoja hakikumkaa kichwani. Mashine ya zamani ukishaiwekea mwendo, inabaki na mwendo huo. Hii mpya, kadiri kisu kinavyokaribia katikati ya chuma, yenyewe huongeza mzunguko, na huendelea kuongeza isipokuwa umeiandikia mstari wa kuizuia. Aliusahau mstari huo mara tatu, nami mara tatu nilisoma polepole.

Kisha tajiri wetu, mwenye karakana, akaleta wageni, wenye viwanda vya mafuta kutoka Kiomboi, waje waone mashine. Mzee aliandika programu peke yake, kifua mbele. Nilisimama nyuma yake nikasoma. Mstari haukuwepo. Na chuma alichofunga kilikuwa kirefu. Karibu mita nzima ilitokeza nyuma ya mashine bila kushikiliwa na kitu, kama alivyozoea kwenye ile ya zamani.

"Mzee, nikusomee?" nikauliza.

"Leo miwani ninayo," akajibu. Wageni wakacheka.

Nami nikatabasamu. Wallahi, nilitabasamu. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa karibu na kiwiko changu, nikawa nawaza aibu ya kumzimia mzee mashine mbele za watu. Akaiwasha, kisha akaenda kusimama kule nyuma asikilize chuma, kama ilivyokuwa desturi yake kwa kila kipande cha kwanza.

Mlio ulianza chini. Ukapanda. Ukaendelea kupanda mpaka wageni wakaacha kuongea na mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Nilipokipiga kile kitufe, chuma kilichotokeza kilikuwa kimeshapinda, kinachapa hewa kama fimbo, na mzee alikuwa sakafuni.

Mkono wa kulia ulisagika. Hata leo vidole havikunji, na mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Hospitalini tajiri aliuliza kosa ni la nani. Mzee akasema ni lake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, nikanyamaza tena. Tajiri alipotoka, mzee akanigeukia.

"Uliona kwamba mstari haupo?"

"Niliona, mzee."

"Ungenitukana tu, mwanangu," akasema. "Mbele yao wote. Ungenitukana."