Mheshimiwa na Ng'ombe Wenye Kiu

Makamanda wa hoja, wana wa Hanang na Mbulu, leo nimemshuhudia kiongozi akifeli mtihani ambao hatukuwahi kumpa.

Josho la Gendabi, la kuogeshea ng'ombe, limekarabatiwa. Diwani wetu amekuja kulizindua, akiwa na mpiga picha wake.

Ng'ombe walikuwa wametembea juani tangu asubuhi. Mheshimiwa akaamuru waingizwe kwenye dawa mara moja, kwa kuwa anawahi kikao Katesh.

Shangazi yangu, ambaye ng'ombe wake walikuwa mbele, akamzuia kwa adabu.

"Mheshimiwa, hawa hawajanywa maji."

"Si watakunywa humo humo, mama? Maji yamejaa!"

Humo humo.

Kwenye sumu ya kupe!

Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Shangazi aliinua fimbo, akawageuza ng'ombe wake kuelekea mtoni, na kundi zima likamfuata. Mheshimiwa akabaki ameshika mkasi wa kukatia utepe. (Mpiga picha aliendelea kupiga, Mungu ambariki.)

Ndugu zangu, shangazi huyu hamkabidhi kijana ng'ombe kabla ya kumhoji kuhusu kupe, malisho na maji. Diwani tulimhoji nini? Sheria ilitaka ajue kusoma na kuandika. Sisi tukaridhika na pilau.

Semeni wenyewe: mgombea ahojiwe, au tuendelee kula?

Jumamosi, saa nne asubuhi, tukutane hapo hapo joshoni tuandae maswali ya watakaogombea.

Wenye mifugo, inywesheni kwanza.