Mpira Chini ya Goti la Bibi

Nimeishi katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili zake. Nimekaa Mwanza, nimekaa Lindi, Mombasa miaka miwili, Moa miezi minane, na kila nilikohamia nilianza kwa kutafuta uwanja wa mpira, nisimame pembeni nione watoto wanachezea nini. Wakichezea matambara yaliyofungwa kamba, najisikia nimefika nyumbani. Wakichezea mpira wa ngozi, namkumbuka bibi yangu na goti lake.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Chumbageni, mimi na bibi mzaa mama, miaka ya hamsini ilipokuwa inakaribia kwisha. Mjini kulikuwa na timu ya wafanyakazi wa bandarini, ingawa neno wafanyakazi nalitumia kwa heshima tu. Wale watu waliajiriwa kwa miguu yao. Winga wa kushoto aliandikwa karani, na sikuwahi kumwona ameshika kalamu. Beki wa kati alikuwa mlinzi wa ghala, na mchana kutwa tulimwona uwanjani akipiga danadana. Mji mzima ulijua na hakuna aliyelalamika, maana walikuwa wanashinda.

Mwaka mmoja katibu wa timu, bwana mwembamba mwenye miwani na daftari lisilomtoka kwapani, akaona kwamba watoto wa mitaani tunaharibika. Tulikuwa tukirushia mawe mabehewa ya mkonge, hilo sikatai. Basi timu ikaamua kutusaidia: kila mtaa upewe mpira mmoja wa ngozi, na mchezaji mmoja wa kuwafundisha watoto kila Alhamisi. Siku ya sikukuu tungecheza sisi kwanza, mbele ya watu wote, kabla wakubwa hawajaingia uwanjani. Sharti lilikuwa moja. Kila Alhamisi katibu angepita kuukagua mpira, na usipoonekana, unahamishiwa mtaa mwingine.

Sisi tulipewa golikipa. Alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba yake alikuja kukata katani akasahau kurudi. Alikuwa mrefu, mikono kama makasia, na kofia ya kitambaa ya rangi ya kahawia ambayo hakuivua akiwa golini. Watu walisema bila ile kofia hadaki hata papai bovu.

Mimi nilichaguliwa kuutunza mpira kwa sababu kwetu kulikuwa na sanduku la kufuli. Niliagizwa nisiuchezee uani. Agizo hilo nililitii siku mbili nzima.

Siku ya tatu, Jumatatu, bibi alikuwa ndani na mimi nikawa najizoeza kupiga kichwa. Mpira ukagonga ukuta, ukagonga mlango wa choo, ukaruka ukatua ndani ya sufuria ya unga wa vitumbua uliokuwa unaumuka. Haukuzama. Ulikaa juu yake kama kitumbua cha jitu.

Bibi akatoka. Aliishi kwa kuuza vitumbua, kwa hiyo nilijua siku zangu zimekwisha. Lakini hakupiga kelele. Aliutoa mpira, akaufuta, akaketi mkekani akanyoosha mguu wake mbovu, na ili apate kufikiri vizuri adhabu ya kunipa, akauweka mpira chini ya goti. Akalisogeza goti mbele. Akalirudisha nyuma. Akafumba macho.

"Mume wangu," akasema, ndivyo alivyoniita siku zote, "kitu hiki kimetoka wapi?"

"Bandarini, bibi."

"Kumbe bandarini kuna dawa."

Tangu hapo mpira haukutoka chini ya goti. Usiku ulilala naye, asubuhi aliupaka mafuta yale yale ya nazi aliyojichulia. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kumwomba. Nahodha wetu alilia. Bibi alimpa kila mmoja kitumbua na kumuaga kwa upole. Ikawa Jumatano, ukaguzi ni kesho, na wote walikuwa wananitazama mimi kama mtu aliyeuza mtaa. Nikakimbia kumwita golikipa.

Alikuja na kofia yake, akainama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe, mrefu hivyo bila faida?"

"Mnyamwezi, bibi."

Bibi akamwangalia upya, kuanzia miguuni. "Mnyamwezi! Na mimi Mzigua wa Handeni."

Nikajua mambo yameharibika. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mpaka na babu yako, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa.

"Basi naichukua shikamoo yangu," golikipa akasema. "Siwezi kumwamkia mtumwa wa babu yangu."

"Babu yako yupi? Yule tuliyemnunua kwa pishi ya mtama, akaula mtama wenyewe njiani?"

Golikipa akaketi bila kukaribishwa, akavuta sinia la vitumbua vya biashara, akaanza kula. Alikula saba, na sidhani kama alitafuna.

"Kula, mtumwa wangu, kula," bibi akasema. "Unga wake ulipigwa mpira."

Golikipa akakitazama cha nane kwa mashaka. Alipokuwa bado anakitazama, bibi alinyoosha mkono, akaichomoa ile kofia kichwani kwake akaivaa juu ya kanga yake.

"Kofia, bibi."

"Kofia gani?"

"Jumamosi tuna mechi."

"Na mimi nina baridi ya kichwa."

Golikipa akanigeukia kama anayetafuta refa. Hakukuwa na refa. Alikuja kudai kitu kimoja, akaondoka ameacha viwili.

Alhamisi alirudi mapema, kipara kinang'aa, na mfuko wa gunia aliousindilia nyuzi za mkonge na kuushona mviringo. Bibi akaujaribu gotini.

"Mgumu kama kichwa cha aliyeushona," akasema, akausukumia mbali.

Hapo hapo katibu akaingia. Sisi watoto kumi na mmoja tulikuwa tumejipanga ukutani, tumeoga, tumepaka mafuta, hatuna mpira. Bibi alikuwa mkekani, kofia kichwani, amejifunika miguu kwa kanga, na chini ya kanga kuna kilima.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukagua mpira."

"Marahaba, mwanangu. Kagua tu."

"Mbona siuoni?"

"Basi umekwisha kagua."

Katibu akamtazama golikipa. Golikipa akatazama juu, kama aliyeona ndege. Katibu akafungua daftari, akalowesha penseli ulimini.

"Itabidi niandike uende mtaa wa Ngamiani. Wanao mmoja, huu utakuwa wa pili. Wanatunziwa na yule mama wa vitumbua wa pale kona."

Bibi akanyanyua kichwa. Yeye na yule mama wa kona walikuwa hawasemezani tangu kabla sijazaliwa, kwa ugomvi wa nani alianza kutia iliki.

"Yule?"

"Yeye."

"Awe na mipira miwili? Kila goti na wake?"

Bibi akaivuta kanga. Mpira ukabingirika polepole, unameremeta kwa mafuta, ukasimama kwenye kiatu cha katibu.

"Andika," akasema. "Mpira upo Chumbageni. Na goti langu liandike pia."

Katibu aliandika, maana hakuwa mtu wa kubishana na wazee. Toka alasiri mpaka magharibi mpira ungekuwa wetu, saa nyingine zote ungekuwa wa goti. Masharti mengine aliyaongeza bibi mwenyewe kadiri siku zilivyokwenda. Aliyekosa shule haugusi. Aliyetoroka chuo cha Kurani haugusi. Mwenye kucha chafu akajikate kwanza. Mawe ya mabehewa yakakoma, na nilisikia kwamba katibu alisimama katika mkutano wa timu akaeleza jinsi msaada wao ulivyotutengeneza tabia. Habari za goti hakuzitaja.

Siku ya sikukuu tulicheza na Ngamiani, na mpira uliotumika ulikuwa wetu kwa sababu wa kwao walikuwa wameutoboa. Ngozi ilikuwa imekunywa mafuta ya miezi mitatu. Hakuna golikipa, wao wala sisi, aliyeweza kuushika. Tulishinda saba kwa sita. Mtoto wao wa golini alimlalamikia refa kwamba mpira unanuka vitumbua. Bibi alikaa nyuma ya goli lao amevaa ile kofia. Wakubwa walipoingia, golikipa wetu alidaka nusu saa ya kwanza kiganja kimoja kikikinga jua, akamsihi bibi kwa ishara amrudishie kofia, naye akawa anampungia mkono kama anamsalimu.

Bibi alifariki masika ya mwaka uliofuata. Siku ya msiba nilikaa uani nimekauka, watu wananiambia nilie, machozi hayaji. Golikipa akaingia bila hodi, kama watani wanavyoingia. Akajitupa kwenye mkeka wa bibi, akauvuta mpira, akauweka chini ya goti lake refu, akaanza kugumia: "Mume wangu! Mume wangu we! Niletee mafuta!"

Ilikuwa sauti ya bibi kabisa. Watu walicheka, wanawake ndani wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikajikuta nalia.

Kisha akadai kofia yake. Mama yangu mdogo akafungua sanduku, akaikuta imefuliwa na kukunjwa. Golikipa akainusa.

"Inanuka Mzigua," akasema, akaivaa, na hakuivua mpaka tuliporudi kutoka makaburini.

Alipokuwa anaondoka aliuokota mpira, akanikabidhi mikononi.

"Utunze," akasema. "Alhamisi nakuja kukagua."

Alhamisi alikuja.