Mwaka Mama Alipowashwa Mgongo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nyumbani kwetu nje kidogo ya Awendo, mama yangu alipanda mahindi kabla ya Mikayi. Mikayi ndiye mke wa kwanza wa baba, na kwa desturi yetu Waluo mbegu yake hutangulia kuingia udongoni. Mwaka huo alikuwa amekwenda Oyugis kumuuguza ndugu yake. Mvua ikaja, mama hakungoja.

Kufikia palizi, ngozi ya mama ilikuwa imekauka. Mikono ilitoa unga mweupe, na mgongo ulimwasha hata akawa anaukuna kwa gunzi la mahindi. Jasho lilimtoka akiwa kivulini. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na hakuwa ameona siku zake tangu mwaka uliotangulia.

Shangazi, dada ya baba, hakuuliza lolote. "Hiyo ni chira," alisema. Chira ni ugonjwa unaomkondesha aliyevunja mwiko, na wazee husema huwafuata hata watoto wake. "Nanyi msimguseguse."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, akakataa dawa za miti. Aliomba tu. Jioni moja aliniita nimpake mafuta mgongoni, pale ambapo mkono wake haukufika. Nikasema nina kazi ya shule. Kesho yake nikasema hivyo tena. Siku ya tatu hakuniita.

Mikayi aliporudi tulidhani atamkaripia. Alikuja na kibuyu cha samli, akamkuta mama amekaa mkekani nyuma ya nyumba, na shangazi kando yake akipeta maharagwe.

"Nyar Kasipul," alisema, akimwita mama binti wa Kasipul, alikozaliwa, "nasikia unakufa kwa sababu ya mahindi yangu."

"Ndivyo wanavyosema, Mikayi."

"Mimi niliwashwa hivi miaka miwili, nilipoacha kuona mwezi. Nilijisugua mlangoni kama ng'ombe." Akamgeukia shangazi. "Sasa mimi ninayepanda wa kwanza kila mwaka, nilimtangulia nani?"

Shangazi alipeta kwanza. "Labda kuku," alisema mwishowe. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa majuma mengi.

Mikayi akamwambia aache maji ya moto na sabuni ya kufulia, na ajipake samli mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kisha akanipa kibuyu.

"Atieno, shika. Hakuna mtu anayeufikia mgongo wake mwenyewe."

Mama alinitazama. Akashusha kanga begani, akanigeuzia mgongo.

Leo nimefika umri ule. Nesi wa zahanati ameniambia karibu maneno yale yale: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, mafuta kabla ngozi haijakauka, kofia niendapo shambani. Mume wangu ametangulia, na mwaka jana tulimzika mama. Siicheki desturi, ilimpa Mikayi heshima yake. Ila hujiuliza kwa nini alibeba kuwashwa kwake kimya miaka yote miwili, mpaka mwenzake alipopatwa na hali ileile tukamwogopa.

Kwa jioni zile mbili nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi, na naamini amenipa. Mama sikuwahi kumwomba. Nadhani alikwisha kunisamehe aliposhusha kanga, kabla vidole vyangu havijagusa samli.