Kamera ya Mtumba ya Kiwanda cha Samaki

Mwaka nilioachishwa kazi ya ufundi wa simu, nilifungua kibanda cha kutengeneza redio Igogo, hatua chache kutoka ziwani. Ofisi yetu ilikuwa imeleta mtambo mpya uliohitaji mafundi wachache. Kabla ya kutupunguza walitupeleka kozi ya kuujifunza. Nilifaulu vizuri, kisha nikapewa barua. Nilinuna siku mbili tatu, nikachukua mita yangu na bisbisi zangu, nikaanza upya. Wateja hawakukawia. Miaka ile kila kontena lililofika mjini lilishusha redio na televisheni za mtumba, na nyingi zilikuwa bubu.

Asubuhi moja akaja mwenye kiwanda cha minofu ya sangara kilichokuwa jirani.

"Fundi, nina kamera," akasema. "Inaona, ila haigeuki."

Alikuwa ameinunua nje pamoja na kontrola yake, kisanduku chenye vitufe vya namba na kirungu cha kuiongozea, vyote vimeshatumika, bila kitabu cha maelekezo. Alitaka kuwatazama wapakuaji samaki kuanzia gatini mpaka kwenye mizani bila kutoka ofisini. Mafundi wawili walikwisha kuipima, wote wakasema mota imekufa.

Nilipofika nilikuta kuba la plastiki jeusi, kubwa kama sufuria ya ugali wa watu kumi, limening'inia kwenye nguzo ya chuma. Chini yake alikaa mlinzi, mzee wa Sengerema aliyevaa koti zito hata juani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulifufua hili likamela?"

Alilitamka hivyo, na mimi sikumsahihisha, kwa kuwa hata nyumbani kwetu ndivyo tungelitamka.

"Nimekuja kulitazama tu."

"Tazama. Likipona, mimi narudi kulima mihogo."

Alisema kwa kutabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. Nikaweka mkoba chini. Sijui kwa nini nilimweleza habari zangu: mtambo mpya, kozi, barua. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kumbe na wewe," akasema. Akavuta koti lake. "Basi nikwambie kitu. Hilo halijafa. Umeme ukikatika ukarudi, linazunguka lenyewe mzunguko mzima, linainama, linainuka, halafu linatulia. Linanitazama mimi hapa."

"Uliwaambia mafundi waliokuja?"

"Hawakuniuliza." Akakuna kidevu. "Na mimi nilikuwa nalipenda hivyo hivyo."

Nilizima umeme wa kamera nikauwasha. Kuba likazunguka, likainama, likainuka, kama alivyosema. Basi mota ilikuwa nzima. Kamera ilikuwa na nguvu na macho. Kilichokosekana ni kusikia amri.

Amri zilipita kwenye nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, kutoka kontrola ya ofisini hadi juu ya nguzo. Nilizifuata hatua kwa hatua. Nyuma ya chumba cha barafu nikakuta kiungo kilichofungwa kwa mkono tu, shaba imeota kutu ya kijani. Nikakikata, nikaunga vizuri, nikarudi ofisini kusukuma kile kirungu cha kuongozea, ambacho wafanyakazi walikiita gia. Kimya.

Nikapanda ngazi, mlinzi akiishikilia kwa mikono miwili. Nilifungua kuba, nikaona taa nyekundu ndogo, imezimika. Nikamwomba mwenye kiwanda asukume gia. Haikuwaka. Nikazibadilisha nafasi zile nyaya mbili, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, nikapiga kelele, "Sukuma tena!" Taa ikaanza kupepesa. Amri zilikuwa zinafika, lakini kamera bado ilikataa kugeuka.

Hapo nilikaa juu ya ngazi nikitazama ziwa, harufu ya samaki puani, nisione la kufanya. Halafu nikaona, pembeni ya ile taa, swichi nane ndogo kama punje za mchele. Ya kwanza, ya tatu na ya tano zilikuwa juu, nyingine chini.

Nikacheka peke yangu. Hii ilikuwa simu! Kamera ilikuwa na namba, na kontrola ilikuwa inapiga namba ya mwingine. Kozi ile ile iliyonitoa kazini ndiyo iliyonifundisha kusoma swichi za namna hii: ya kwanza ni moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, ya tano kumi na sita. Moja, nne, kumi na sita.

"Bonyeza ishirini na moja!" nikamwita mwenye kiwanda. "Halafu sukuma gia, polepole!"

Kamera ikageuka usoni kwangu, nusura nianguke. Chini mzee alisema neno la Kisukuma ambalo siliandiki hapa, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Ofisini, mwenye kiwanda alikuwa anazungusha picha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Nikamwuliza wazi kama mlinzi atabaki.

Akashangaa. "Nani kasema anaondoka? Mimi hata mitumbwi siitofautishi. Yeye anaijua yote, na wenyewe."

"Basi mwambie," nikasema. "Yeye hajui."

Alitoka akamwambia pale pale, mbele yangu, na mzee akaitikia "haya" mara tatu.

Wiki chache baadaye niliitwa tena. Vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi, vilikuwa vimejaa ndani ya kuba. Nilipomaliza kulifuta nilimkuta mzee ofisini, kwenye kiti chenye magurudumu, koti liko mgongoni pa kiti, gia mkononi.

"Njoo uone," akasema. Akaivuta picha mpaka mbali, kivuko cha kutoka ng'ambo kikajaa kwenye kioo. "Yule mwenye ndoo ya kijani ni mke wangu."

Televisheni ile ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na watu wa kivukoni walionekana kama nukta. Sikubisha. Nikavuta stuli, akanimiminia chai, tukatazama kivuko kikikaribia.